Dume au jike: rangi, madoa ya pezi, au kumgeuza tumbo juu?

Tanki_Ntinda
Wakubwa habari zenu. Nilinunua nkejje sita (samaki wadogo wa tanki), wale wa mistari myeusi wanaoitwa latifasciata, asili yao huku kwetu Uganda upande wa ziwa Kyoga. Muuzaji akaniapia kabisa kwamba nina dume mmoja na majike watano, nikalipa nikapanda boda na mfuko wangu. Miezi mitatu baadaye wawili wamewaka wekundu, wanakimbizana usiku na mchana mpaka mmoja mkia umechanika. Kabla sijaongeza wengine naomba kujua, nyie mnawatofautisha vipi? Kuna wanaosema rangi, kuna wanaosema yale madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, na jamaa mmoja ananiambia nimgeuze tumbo juu nichungulie.

MamaFilta
Rangi tu, mbona rahisi. Mimi nina nkejje aina ya nyererei (ndio, jina la Mwalimu), dume mgongo mwekundu ubavu wa njano, majike wamepauka kama leso iliyofuliwa miaka kumi. Huko kumtoa samaki kwenye maji kumchungulia ni kumtesa bure.

Mabwawa_Kajjansi
Mama samahani ila rangi inadanganya sana. Dume mkubwa akishatawala tanki, madume wadogo wanazima rangi zao wanakaa kama majike ili wasipigwe, mtoe yule bosi uone wanavyowaka. Burtoni wa Tanganyika anabadilika ndani ya dakika chache tu.

Sisi tunaofuga ngege, yaani tilapia, tunachagua kwa mkono, maana madume ndio wanaokua haraka, jike muda wake unaishia kwenye kutaga na kukaa na mayai mdomoni bila kula. Lowesha mikono kwanza, mshike tumbo juu, angalia mbele ya lile pezi la chini. Tundu la kwanza ni la haja, hilo wote wanalo. Nyuma yake kuna kinundu. Cha dume kimechongoka, kina tundu moja nchani basi. Cha jike kimeviringa kidogo, kina kitundu cha mkojo, halafu kuna mkato umekingama katikati, hapo ndipo mayai yanapotokea. Usipouona paka tone la rangi ya chakula kwa pamba, mkato unajichora wenyewe. Mimi ngege nasubiri afike gramu 30 hivi, chini ya hapo unabahatisha, na hata hivyo bwawa langu la "madume watupu" halijawahi kukosa vifaranga 😂

Jjajja_Akwariamu
Mnabishana kama vile samaki wote ni ukoo mmoja. Lombardoi wa Malawi dume ndiye wa njano, jike ndiye wa bluu, sasa anayetafuta dume wa bluu ataondoka na majike watupu. Kribensis jike ndiye mwenye tumbo la rangi ya zambarau, anampita dume kwa urembo. Brichardi ukiangalia rangi utazeeka, wote sawa. Na hayo madoa ya pezi msiyategemee peke yake, hata majike wengi wanayo, ila yamefifia hayana ile duara kali. Kwa nkejje mimi naanza na madoa, nikiwa na shaka ndio namgeuza.

MamaFilta
Haya Jjajja, kwa brichardi nimekubali. Kwa nyererei wangu bado rangi.

Tanki_Ntinda
Nimerudi. Nimewageuza jana kwenye beseni, mke wangu ameshika tochi huku ananicheka. Wanne madume wazi kabisa, mmoja jike, mkato nimeuona bila hata rangi ya chakula, wa sita mdogo mno sijaelewa kitu. Yaani madume wawili walikuwa wamepauka kabisa, nilikuwa nawaita mabibi harusi! Halafu leo asubuhi huyo jike amekataa chakula, amejibanza nyuma ya jiwe, kidevu kimeshuka kama ameweka kahawa mdomoni.

Mabwawa_Kajjansi
Ana mayai mdomoni huyo, atayabeba wiki mbili tatu. Usimshike tena, akishtuka atayatema au atayameza. Bakiza dume mmoja, hao watatu wengine watoe leo leo.

Tanki_Ntinda
Sawa ssebo. Madume watatu wapo kwenye ndoo na pampu ya hewa, mwenye majike wawili wa latifasciata tubadilishane, ila safari hii tunawageuza wote kabla sijafunga mfuko.