Saa ya seva ya duka inarudi nyuma kila umeme ukikatika, chronyd ipo lakini hairekebishi. Msaada wakuu

DukaLaKona:

Habari za muda huu wakuu.

Nina kompyuta ya zamani nimeigeuza seva kwenye duka la dawa la familia. Debian 12, haina skrini, imekaa chini ya kaunta. Inaendesha programu ya mauzo, na nimeiwekea unbound ili simu na kompyuta zote za dukani zipate DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) ya humo humo ndani. Mwaka na nusu haijanisumbua.

Tangu mwezi uliopita umeme ukikatika na kurudi, seva inaamka na tarehe ya miezi mingi nyuma. Stakabadhi zinatoka na tarehe za ajabu. Mama mmoja katurudishia ya kwake, anasema "hii dawa mmeniuzia kabla sijaumwa".

Chrony (programu ya kusawazisha saa kupitia intaneti, chronyd ndiyo hiyo hiyo) ipo. Nikiangalia hali yake:

`systemctl status chrony` → active (running)
`timedatectl` → System clock synchronized: no / NTP service: active

Sasa hiyo "active" ni ya nini kama kazi haifanyi? Nimeshaitoa na kuirudisha mara tatu.

Halafu kuna jambo jingine linanikera. Umeme ukirudi, intaneti ya duka inachelewa mno, wakati mwingine saa nzima simu hazifungui kitu. Nahisi ndiyo maana saa haijirekebishi. Nikishaweka saa kwa mkono mambo yanatulia, na kwa bahati intaneti nayo inakuwa imerudi.

Juzi nilikuwa safarini, nikampigia kijana wa dukani aweke yeye (nimemtengenezea kiskripti, anaandika tarehe na saa tu). Nikamwambia saa mbili na robo. Akaandika 02:15. Stakabadhi za kwanza asubuhi hiyo zikasoma usiku wa manane, ila baada ya dakika chache saa ikaruka yenyewe ikakaa sawa. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Kumbe ikitaka inaweza!

UPS ipo, msiniulize. Betri yake ilishakufa, siku hizi ni stuli ya mlinzi.

NgojaWaje:

Ngoja waje wataalamu. Nimetandika mkeka hapa.

Mti_Mkavu:

Hiyo ni kanda ya saa tu mkuu. `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` umemaliza, tuendelee na maisha.

DukaLaKona:

Iko hivyo tangu siku ya kwanza mkuu. Na ingekuwa kanda, ingepishana masaa matatu, siyo miezi.

Fundi_Redio:

Pole sana. Betri ya mazabodi imekwisha, ile ya duara CR2032. Umeme ukiwepo saa inatembea kwa umeme wa ukutani, ukikatika hakuna wa kuishikilia. Chomoa waya wa umeme dakika tano, uurudishe, uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijaamka) hapo hapo, niambie tarehe unayoiona. Kama una mita, betri mpya inasoma volti 3 na kidogo. Mimi ikisoma chini ya 2.7 naitupa, sibembelezani nayo.

otieno_wa_seva:

Betri ni kweli, lakini haielezi kwa nini chrony hairekebishi baada ya hapo. Kazi yake ni hiyo hiyo! Mimi naona mtoa huduma wa intaneti amefunga UDP 123, mlango wa mtandao ambao saa hupitia. Hiyo kitu imenisumbua sana huku Nairobi, ruta zingine za bei rahisi pia zinaila kimya kimya. Tuwekee `chronyc sources` wakati saa imeharibika, tuangalie safu ya Reach. Ikiwa 377 maana yake majibu yote manane ya mwisho yamefika (hiyo namba husomwa kwa msingi wa nane, usishtuke). Ikiwa 0, hakuna hata moja lililorudi.

Ikiwa ni 0, hamia NTS (njia ya kupata saa kwa usalama zaidi). `server time.cloudflare.com iburst nts`. Hiyo inapita mlango wa TCP 4460, hawaioni.

BintiPangani:

Otieno kaka yangu, NTS kwa 4460 inapeana funguo tu. Saa yenyewe bado husafiri kwa UDP, na kwa kawaida ni 123 ile ile. Kama imefungwa, imefungwa. Tena NTS inakagua cheti cha usalama, na cheti kinakaguliwa kwa saa, na saa yake ndiyo mbovu. Utakuwa umemwongezea mgonjwa ugonjwa.

DukaLaKona, fanya alivyosema Fundi, kisha utuletee `chronyc sources` na `chronyc activity` kabla hujagusa saa. Na ujaribu `ping 1.1.1.1`, halafu `ping` kwa jina lolote.

otieno_wa_seva:

Sawa dada, hiyo ya NTS nimekubali. Lakini 123 bado naishuku.

DukaLaKona:

Nimerudi. Nimezima, nimechomoa waya, nimesubiri dakika kumi.

BIOS: 01/01/2015. Linux ikiamka: siyo 2015, ni ile tarehe yangu ya siku zote ya miezi mingi nyuma. Kila mara ile ile! Hiyo nayo sielewi imetoka wapi.

`chronyc sources`: kichwa cha jedwali tu, chini hakuna mstari hata mmoja. Hakuna Reach 0 wala 377.
`chronyc activity`: kote sifuri, isipokuwa mstari wa mwisho, "sources with unknown address".
`ping 1.1.1.1`: inajibu vizuri.
`ping` kwa jina: inagoma, jina halipatikani.

Fundi_Redio:

2015. Betri ndiyo hiyo, kanunue.

BintiPangani:

Kanunue, ndiyo. Ila sasa tukae na hili, maana limenoga.

Otieno, angefungiwa 123 tungeona majina ya seva yamepangwa, yana alama ya `^?` na Reach 0. Anwani inajulikana, jibu halirudi. Yeye jedwali lake ni tupu. Chronyd haijafika hata hatua ya kuuliza saa, bado inatafuta mtu wa kumwuliza. Jina `2.debian.pool.ntp.org` haligeuki kuwa anwani ya IP. Ndiyo hiyo "unknown address".

Na kama mngesoma vizuri habari ya yule kijana, jibu lilikuwa pale pale. Aliweka tarehe ya siku ile ile, akakosea masaa sita, na chrony ikarekebisha yenyewe. UDP 123 imefunguka basi, na chrony ni nzima. Inachoshindwa ni pale tarehe ikiwa mbali sana.

DukaLaKona, wewe umeisoma kinyume. Unasema intaneti inachelewa ndiyo maana saa haikai sawa. Mimi nasema saa ndiyo inayokukatia intaneti. Unbound ya Debian hukagua DNSSEC (saini za kuthibitisha kwamba majibu ya DNS ni ya kweli) bila kuambiwa. Kila saini ya DNSSEC ina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na saini za mzizi wa DNS huwa za wiki mbili tatu tu. Seva yako ikiamini iko miezi mingi nyuma, kila saini inayoletewa ni ya kesho ambayo haijafika. Unbound inaikataa, inajibu SERVFAIL, yaani imeshindwa. Simu za wateja zinakwama, na chrony nayo inakwama kwenye DNS hiyo hiyo. Chrony inahitaji DNS ipate saa, DNS inahitaji saa ifanye kazi. Hakuna anayeanza. "Bahati" yako ya intaneti kurudi ukishaweka saa siyo bahati.

Hiyo tarehe yako ya siku zote inatoka kwa systemd, programu inayowasha nyingine zote Linux ikiamka. Ikiamka ikikuta saa iko nyuma ya siku yenyewe ilipotengenezwa, inaisogeza mbele mpaka siku hiyo. Haijui zaidi ya hapo.

Uthibitisho uko mkononi mwako, saa ikiwa mbovu:

`dig 2.debian.pool.ntp.org @127.0.0.1`
`dig +cd 2.debian.pool.ntp.org @127.0.0.1`

Ya pili inaiambia unbound isikague saini. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikajibu, tumemkamata.

Mti_Mkavu:

Lakini dada, nijuavyo mimi hilo jina la pool halina saini ya DNSSEC. Saini gani tena inakataliwa?

BintiPangani:

Swali zuri. Unbound haiwezi kulikubali jina lisilo na saini mpaka ithibitishiwe kwamba kweli halina, na uthibitisho huo unatoka juu, kwenye mzizi na kwenye .org, ambako kuna saini. Mlango wa nje ukiwa umefungwa, haisaidii kwamba chumba cha ndani hakina kufuli.

DukaLaKona:

Ya kwanza: SERVFAIL. Ya pili: anwani nne, papo hapo.

Na kwenye logi ya unbound, baada ya kuongeza `val-log-level: 2`, imejaa "signature before inception date".

Mimi nimekaa mwezi mzima nagombana na watu wa intaneti kwenye simu. Mpaka nimewapandishia sauti.

NgojaWaje:

😂😂 Kawaombe radhi.

otieno_wa_seva:

Nimekubali kushindwa. Swali moja: kwa nini makosa ya masaa sita hayakuangusha DNSSEC?

BintiPangani:

Unbound ina huruma kidogo. Husamehe kupishana kwa asilimia 10 ya umri wa saini, isipungue saa moja wala isizidi siku moja. Saini ya wiki mbili, asilimia 10 inazidi siku, kwa hiyo inakatwa ibaki siku moja. Masaa sita yakapita. Angekosea tarehe badala ya saa, tungekuwa tunaongea mengine.

Mti_Mkavu:

Basi azime DNSSEC yote, yaishe.

BintiPangani:

Duka la dawa, mkuu, na kompyuta zote zinapita hapo. Mimi singeizima. Yako mambo madogo yanayotosha.

La kwanza ni betri. Bila hiyo mengine ni viraka.

La pili, mpe chrony seva moja kwa namba, isiyohitaji DNS. Kwenye `/etc/chrony/chrony.conf` ongeza `server 162.159.200.1 iburst` (hiyo ni time.cloudflare.com), na pool (ile `2.debian.pool.ntp.org`) iache ilivyo. Usiweke ya Google pembeni ya hizo, wao sekunde ya ziada (ile inayoongezwa kwenye saa za dunia mara chache) huisambaza kidogo kidogo badala ya kuiweka mara moja, hawachanganywi na wengine. Kasoro yake ni kwamba namba inaweza kubadilishwa siku moja na hakuna atakayekupigia simu. Kwa hiyo kwenye unbound weka pia `domain-insecure: "pool.ntp.org"`, iache kukagua jina hilo peke yake.

La tatu ndilo nalipenda kuliko yote. Kwenye `/etc/default/chrony` kuna `DAEMON_OPTS="-F 1"`. Ongeza `-s`. Chronyd ikianza itaangalia saa ya mazabodi na mara ya mwisho faili lake la drift (linalotunza kiasi saa ya kompyuta inavyopotoka) lilipoandikwa. Ikiona faili ni jipya kuliko saa, inaanzia hapo. Faili hilo huandikwa kama kila saa moja, kwa hiyo hata betri ikifa tena utaamka nyuma kwa muda wa giza na saa moja hivi, siyo miezi. DNSSEC inasamehe kiasi hicho.

Ila ukitumia `-s` ongeza na `rtconutc` kwenye chrony.conf. Bila hiyo chronyd hudhani saa ya mazabodi inafuata majira ya nyumbani, na Linux huiweka UTC. Utaamka masaa matatu nyuma, na Mti_Mkavu atarudi na kanda yake.

Mti_Mkavu:

Nimeonewa lakini nimejifunza.

Fundi_Redio:

Na `rtcsync` usiitoe, Debian wanaiweka tayari. Ndiyo inayofanya kernel (kiini cha Linux) iandike saa sahihi kwenye mazabodi kila dakika 11. Betri mpya bila hiyo itatunza saa mbovu kwa uaminifu mkubwa.

DukaLaKona:

Wakuu, mrejesho.

Betri nilichelewa kuinunua makusudi, nikataka nione hiyo `-s` peke yake. Jana jioni umeme ukakatika wenyewe, dakika arobaini hivi. Uliporudi sikugusa kitu, nikakaa nje na mlinzi. Nilipoingia simu zote zinafungua. Logi ya chrony inasema `System clock was stepped by 5213 seconds`, yaani dakika 87 kasoro sekunde chache. Toa arobaini za giza, zilizobaki ni muda tangu faili la drift liandikwe. Imeenda kama dada alivyosema.

`chronyc sources` sasa ina mistari mitano, mmoja una `^*` (ndiyo seva inayofuatwa), Reach zote 377. `chronyc tracking` inasema napishana milisekunde 3.

Leo asubuhi nimeweka na betri mpya. Ya zamani mita imesoma 1.9, Fundi.

Kiskripti cha kijana sijakifuta, huwezi kujua. Nimekiongezea swali moja kabla hakijapokea saa: "Ya Kiswahili au ya kwenye simu?"