Pandikizi aliyekula nasi sinia moja: kachero au msaliti?

Wakuu, salaam kutoka Igogo, Mwanza.

Jumamosi kwenye kibanda cha video tuliangalia The East, filamu ya Marekani ya mwaka 2013 aliyoiongoza Zal Batmanglij. Sarah, binti anayeigizwa na Brit Marling, ameajiriwa na kampuni binafsi ya upelelezi. Anajipenyeza kwenye kundi la vijana wanaolipiza kisasi kwa makampuni yanayodhuru watu. Wakubwa wa kiwanda cha dawa wananyweshwa dawa yao wenyewe kwenye sherehe bila kujua. Tajiri aliyechafua maji analazimishwa kuingia humo humo.

Hapo kwa tajiri kibanda kizima kilipiga kelele. Sisi tunaujua Mto Mirongo: mvua ikinyesha unashusha chupa, nepi na mambo mengine hadi ziwani. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Wa kwetu tuanze kumwogesha nani?"

Lakini mimi kilichonikaa ni chakula. Watu wamefungwa mikono, kila mmoja na bakuli mbele yake. Mgeni anahangaika kula peke yake. Wenzake wanashika vijiko kwa meno, kila mtu anamlisha jirani yake. Basi binti kalishwa vile, halafu anakwenda kupeleka taarifa kwa bosi, ambaye wateja wake ndio hao hao matajiri. Kwetu mtu uliyekula naye sinia moja ukimchoma kwa wakubwa unaitwaje?

Msiniambie ubaya ni kampuni binafsi tu. Uingereza yalifanywa na polisi. Mark Kennedy aliishi miaka 7 na wanaharakati wa mazingira akijiita Mark Stone, akafanya mapenzi na wanawake aliokuwa akiwachunguza. Mwaka 2011 kesi ya waliodaiwa kupanga kuvamia kituo cha umeme cha Ratcliffe ikasambaratika kwa sababu yake. Mwaka 2015 polisi wa London wakawaomba radhi wanawake 7 waliodanganywa kimapenzi na makachero wa aina hiyo.

Ninachosema: mchunguzeni mhalifu, mfuateni, lakini meza ya mtu na kitanda chake visiwe vitendea kazi. Nipingeni.

Mvuvi wa Igombe: Mkuu, unaongea ukiwa nchi kavu. Wenye nyavu haramu, makokoro na timba, hawajitangazi. Boti ya doria ikiwashwa tu, simu zimeshapigwa. Ikifika mwaloni inakuta nyavu halali zimeanikwa kama nguo za sikukuu. Bila mtu wa ndani hukamati kitu. Na hao vijana wako waliwanywesha watu dawa kwa siri. Angenyweshwa dada yako ungewapigia makofi?

Mtoa mada: Nisingepiga, hapo umenibana. Ila Kennedy hakukaa miaka 7 kwa sababu ya dawa.

Mama Dagaa, Kirumba: Wanangu, mnabishana kuhusu anayechoma. Tazameni anayechomwa. Kambini kwetu kisiwani alikuja kijana, mpole, tukampa kazi ya kuanika dagaa, akawa analala kwa mjomba wangu. Wiki ya tatu watu wa doria wakaja kukamata, yeye ndiye anaonyesha njia. Waliobebwa ni vibarua wawili wa mtumbwi. Tajiri mwenye nyavu yuko mjini, anakula kuku.

Mvuvi wa Igombe: Pole mama. Lakini nyavu zilikuwa haramu au siyo?

Mama Dagaa, Kirumba: Zilikuwa haramu, sikatai.

Mtoa mada: Na mgeni akija leo kuomba kazi?

Mama Dagaa, Kirumba: Alikuja mmoja mwezi uliopita, mvua inanyesha, ana kimfuko cha Rambo tu. Tukampa uji, tukamwambia kazi hakuna. Alipomaliza aliosha kikombe mwenyewe, akashukuru, akaondoka. Hadi leo sijui kama alikuwa na njaa tu.