Kupamba chumba cha kulala: kanga kwenye fremu, mkeka wa ukindu au taa za vifuu?

Mwanashangani
Habari zenu nyote. Nataka kupamba chumba changu cha kulala kwa vitu nitakavyovitengeneza kwa mikono yangu, na nimebaki na mawazo matatu ambayo siwezi kuyatekeleza yote kwa pamoja. La kwanza ni kuwamba kanga kwenye fremu ya mbao na kuitundika juu ya kitanda. La pili ni kumwagiza mama mmoja anayesuka mikeka anishonee kipande cha ukindu chenye rangi, kisha mimi nikifunge nyuma ya kitanda pawe mahali pa kuegemea. La tatu ni kutengeneza vivuli vya taa kwa vifuu vya nazi vilivyotobolewa matundu. Mama wa mikeka anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu ana oda nyingine za harusi. Naomba mnisaidie kuamua kipi ni chepesi kwa mtu asiye fundi na kipi kitadumu.

Fundi_Mikindani
Dada, swali lako ni zuri, lakini umeyaacha mambo yote ambayo fundi angeyauliza kwanza. Nyumba ni yako au umepanga? Ukuta ni wa tofali za saruji, au ni wa mawe na chokaa kama nyumba za zamani za huku kwetu? Umepakwa rangi ya maji au ya mafuta? Chumba kina ukubwa gani, na umetenga shilingi ngapi? Bila majibu hayo, kila atakayekujibu atakuwa anapamba chumba chake, si chako.

MamaWaDoti
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo kusema kwamba kanga inashinda vyote. Doti moja ina vipande viwili, hivyo ukiharibu cha kwanza unacho cha pili, na kikififia unakibadilisha kwa muda mfupi bila kumwita mtu yeyote. Ila kuna mambo ambayo wengi huyaruka. Ifue kanga kwanza kwa maji baridi, peke yake, ili wanga wa kiwandani na rangi iliyozidi vitoke. Kisha ipige pasi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo. Usikate fremu kabla ya kupima kanga yenyewe, kwa maana mara nyingi pindo halikai sawa na ukingo wa kitambaa, na ukifuata ukingo utakuta upande mmoja pindo limeonekana lote na upande wa pili limekunjwa nyuma. Pima kwa kufuata mstari wa pindo. Unapopigilia, anza na msumari mmoja katikati ya kila upande, ukivuta upande unaotazamana na ule uliokwisha kupigilia, halafu sogea taratibu kuelekea pembeni, na pembe ziwe za mwisho. Ukianzia kwenye pembe, kanga itapinda na maandishi yatapanda mlima.

Na tafadhali lisome jina la kanga kabla ya kulipa. Nilimtembelea jamaa yangu hapa Lindi nikakuta juu ya kitanda cha maharusi pameandikwa "Hasidi hana sababu". Pindo lilikuwa zuri mno, lakini sijui kama hayo ndiyo maneno ya kumwamkia mtu kila asubuhi.

Mtoto_wa_Ligula
Ningependa dada asome haya kabla hajampelekea yule mama malipo. Tulipohamia katika nyumba ya kupanga iliyo karibu na bahari, mke wangu alinunua mkeka mpana wa ukindu wenye mistari ya zambarau na kijani, na fundi tuliyemwita akaupigilia moja kwa moja ukutani kwa misumari ya zege, kuanzia usawa wa godoro hadi kimo cha mtu. Miezi yote ya kusi ulipendeza kwelikweli, na kila mgeni alitaka kujua ulikosukwa.

Mvua zilipoanza mwezi wa Desemba, chumba kikaanza kunuka kama sanduku la nguo lililofungwa miaka. Tulidhani ni godoro, tukalitoa juani, lakini harufu ikabaki palepale. Kisha tukaanza kuamka na vipele vilivyojipanga mistari mikononi na shingoni. Tukawalaumu mbu na kununua chandarua kipya, vipele vikaendelea. Nilipong'oa ukingo mmoja wa mkeka kwa bisibisi, nilikuta mgongo wake umefunikwa na kuvu nyeusi, rangi ya zambarau imehamia ukutani, na ndani ya mishono, pale ukili mmoja, yaani ukanda wa ukindu uliosukwa, unaposhonwa na mwenzake, kunguni wamejibana pamoja na mayai yao meupe. Mkeka tuliuchoma, kitanda tukakimwagia maji ya moto kwenye kila kiungo, na nguo zote tukazianika. Mwenye nyumba naye akatudai gharama ya kuziba matundu ya misumari na kupaka rangi upya ukuta mzima. Tangu hapo, mkeka kwangu ni wa kukalia barazani.

Bibi_Msusi
Pole sana mwanangu, lakini usiuhukumu ukindu kwa kosa la nyundo. Kunguni hawazaliwi na mkeka. Huingia ndani kwa vitanda vya kununua mkononi, masanduku na mabegi ya safari, kisha hujificha penye ufa wowote, ikiwa ni pamoja na nyuma ya hiyo fremu ya kanga inayosifiwa hapo juu. Kuvu nayo ilitokana na mkeka kubanwa ukutani bila njia ya hewa katika msimu ambao hata chumvi mezani hulowa.

Anayetaka ukindu nyuma ya kitanda aushone kwenye fremu ya mbao nyembamba, aifunge fremu kitandani badala ya ukutani, na aache nafasi ya kupitisha ngumi nyuma yake. Kila mwezi aufungue, aukung'ute na kuuanika juani. Kuhusu rangi, chukua kitambaa cheupe kilicholowa usugue kona ya mkeka kabla ya kulipa. Kitambaa kikitoka na rangi, ukindu haukuchemshwa vya kutosha kwenye rangi na utaacha alama kwenye mto na hata kwenye shuka. Tena hakikisha ni ukindu kweli, kwa sababu wapo wanaouza miyaa kwa bei ya ukindu. Miyaa ni minene na inakwaruza mgongo. Inafaa vikapu na makawa, haifai kuegemewa.

Mtoto_wa_Ligula
Shikamoo Bibi. Nakubali kuhusu hewa, lakini hii kazi ya kufungua, kukung'uta na kuanika kila mwezi, ni nani hasa ataifanya? Dada ameomba kitu chepesi.

Bibi_Msusi
Marahaba. Mashuka mnayafua kila wiki na hakuna anayelalamika.

Kijana_wa_Msimbati
Naona mmesahau vitu vya bure. Dada anaweza kuokota makombe na simbi ufukweni, akavitunga kwenye uzi wa kuvulia samaki na kupata pazia zuri sana la dirisha. Huku kwetu pia kuna maganda ya korosho kila mahali, na yakitungwa pamoja na shanga yanatoa rangi ya kahawia inayovutia.

Mpwani_Lindi
Mdogo wangu, mapendekezo yote mawili yana hatari. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, kwa hiyo si mahali pa kujiokotea chochote kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi. Tena kombe unaloliona tupu mara nyingi lina mwenyewe ndani, na akifia chumbani kwako utaujua uvundo ambao udi hauufuti.

Maganda ya korosho ni hatari zaidi. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza kazi. Kuyatoboa kwa sindano na kuyaning'iniza dirishani, jua likiyapiga na watoto wakiyachezea, ni kujitafutia malengelenge. Nina shangazi aliyebangua kwa miaka mingi, na ngozi ya ncha za vidole vyake haijawahi kurudi ilivyokuwa.

Mwanashangani
Ahsanteni. Majibu ya Fundi ni haya: nimepanga, na mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta. Ukuta ni wa tofali za saruji na umepakwa rangi ya maji, lakini kuanzia sakafuni hadi karibu na usawa wa goti rangi inabanduka na kutoa unga mweupe. Chumba ni futi 10 kwa 12. Nimetenga shilingi 80,000 kwa kila kitu.

Fundi_Mikindani
Sasa umesema, na ungesema tangu mwanzo tungefika mbali. Huo unga mweupe ni chumvi. Inatoka kwenye mchanga uliojengea, au inapanda na unyevu wa ardhini. Maji yakifika juu ya lipu hukauka, chumvi hubaki, hujikusanya na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu utairudisha chumvi ndani. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu. Wala usikubali mtu akushauri kuuziba kwa rangi ya mafuta, kwani unyevu utakosa pa kutokea na utapata malengelenge ukuta mzima. Ukuta wa namna hiyo haufai kubandikwa kitu chochote, uwe mkeka, karatasi za ukutani au kitambaa cha kugundisha. Habari ya misumari mwenye nyumba ameshaimaliza.

Kwa hiyo mimi ningeanza na vifuu, kwa kuwa havigusi ukuta kabisa. Tafuta nazi zilizokomaa, uzikate kwa msumeno badala ya kuzivunja kwa panga. Toa nyama, acha kifuu kikauke, kisha kwangua nyuzi za nje kwa kipande cha kioo na umalizie kwa msasa, kwanza wa chembe kubwa na baadaye laini. Chora matundu kwa penseli, utoboe kwa drili kutoka nje kwenda ndani, kwa biti ya milimita 3 hadi 5. Uzuri wa nazi ni kwamba ina macho matatu tayari. Jicho laini ukilipanua kidogo ndilo litakalopitisha waya. Mwisho, paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, nacho kitang'aa bila vanishi. Tumia taa ya LED peke yake, kwa sababu balbu ya zamani itakiunguza kifuu, na kazi ya kuunga waya mwachie fundi umeme.

MamaWaDoti
Fundi umeeleza vizuri, lakini drili, biti, misasa na fundi umeme vyote vitoke kwenye elfu 80? Kanga bado ni nafuu. Fremu yake ni ya mbao za paini, nyepesi, nayo inaweza kufungwa kwenye nguzo za kitanda kwa kamba ya katani bila kuugusa ukuta. Ikipata unyevu, kanga inavuliwa na kufuliwa. Kifuu utakifua?

Fundi_Mikindani
Drili si lazima kuinunua. Karibu kila seremala anayo, na kutoboa vifuu vitatu hakuwezi kumchukua hata nusu saa. Ninachokipinga katika kanga ni kuitundika mahali panapotazamana na dirisha. Jua la jioni likiipiga kila siku, nyekundu itakuwa ya waridi kabla ya mwaka kwisha.

Mpwani_Lindi
Hilo halihusu kanga pekee. Hata ukindu wa rangi hupauka juani, na ndiyo maana wanaoujua hutandika upande wa nyuma juu wakati hakuna wageni.

Mwanashangani
Nimempigia yule mama, naye amekubali kuningoja hadi Jumatatu kwa sababu harusi mojawapo imesogezwa mbele. Kwa sasa naelekea kuanza na kifuu kimoja cha majaribio, lakini dada ninayekaa naye ameshaipenda habari ya kanga na ameanza kutaja majina anayoyataka. Nikimwachia, chumba kitakuwa na doti tano.

Kijana_wa_Msimbati
Makombe na korosho nimeviacha. Naomba kujua huo msumeno wa kukatia nazi ni upi, maana niliwahi kutumia wa mbao na nazi ikawa inazunguka mkononi mpaka ikaniponyoka.

Fundi_Mikindani
Tumia ule wa kukatia chuma, wenye meno madogo. Ikalishe nazi juu ya pete ya kitambaa kilichokunjwa isizunguke, uanze kwa kuchora mstari mzima kuizunguka kwa meno ya msumeno kabla ya kuzama ndani, na uweke bakuli chini kwa ajili ya maji yake. Na wewe dada, kabla hujaanza kukata mbao au vifuu, bado hujatuambia kitanda chenyewe ni cha mbao au cha chuma, wala kama kina nguzo za chandarua.