Nimealikwa bar mitzvah Jumamosi, naendaje?

Mdau_Ughaibuni: Wakuu salama? Niko Marekani, bosi wangu Myahudi kanialika sherehe ya kijana wake anatimiza miaka 13, wanaita bar mitzvah, ni asubuhi sinagogini. Mimi Mwislamu, navaa nini, zawadi natoa nini, na picha napiga au ndo najiaibisha?

Kipanga: Vaa kiheshima kama unaenda Ijumaa msikitini. Mlangoni utakuta vile vikofia, kippah, mwanaume unavaa hata kama si Myahudi. Picha sahau mkuu, Jumamosi ni Sabato yao na washika dini hawagusi simu wala kalamu, zima kabisa. Dogo atasoma Torati kwa Kiebrania tena kwa mahadhi, hapo kasota miezi anafundishwa, na kuanzia umri huo anahesabiwa kwenye wale watu kumi wanaohitajika ili ibada ya pamoja itimie. Usishtuke wakimrushia pipi akimaliza, sehemu nyingi ndo hivyo 😂

Dada Neema: Pesa wanapenda mafungu ya 18, yaani dola 36, 54 au 180 kama mfuko unaruhusu, maana herufi zao za Kiebrania kila moja ina namba, na za neno "uhai" ukijumlisha unapata 18. Ila usiende nayo sinagogini siku ya Sabato, peleka nyumbani kwao kabla.

Mdau_Ughaibuni: Shukrani sana dada. Na msosi?

Kipanga: Wakiwa wanafuata kosher, yaani sheria zao za chakula, nguruwe hamna. Mvinyo utakuwepo, wewe omba juisi ya zabibu, nayo huwa ipo maana watoto wanainywa. Ukimpa dogo mkono mwambie "mazal tov", yaani hongera.