Namchaguaje daktari wa kusimamia afya ya ng'ombe wote wa maziwa, sio wa kuchoma sindano tu?

ZiziLetu: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina ng'ombe 14, wanaokamuliwa ni 9. Karibu miezi 8 sasa nahangaika na ugonjwa wa kiwele, huyu akipona anaumwa yule, na kuna wawili wamepandishwa mara 4 hawajashika mimba. Daktari wangu ni mtu mzuri jamani, hata usiku ukimpigia anakuja, ila akifika ni sindano, ananiachia dawa ya kuingiza kwenye chuchu, huyo kaondoka. Hajawahi kuniuliza nakamuaje. Muuza chakula anasema shida ni madini ninunue ya kwake, mpandishaji anasema nakosea kuona joto, yaani siku ng'ombe anapotaka kupandwa. Kila mtu na lake na hela inaisha. Nataka mtu wa kusimamia kundi zima, nimuulize nini kabla hatujakubaliana?

MamaNdama: Pole sana ndugu yangu, hapo nimepita. Angalia anachofanya akishafika tu. Niliye naye sasa siku ya kwanza hakufungua begi kabisa, aliomba daftari la kumbukumbu, sikuwa nalo la maana, halafu akaomba arudi saa ya kukamua asimame tu aangalie. Akakuta tunafuta viwele vya ng'ombe wote kwa kitambaa kimoja, kumbe ndo tulikuwa tunasambaza ugonjwa wenyewe. Akapima kila chuchu kwa CMT, kipimo cha ugonjwa wa kiwele, ile maziwa yakiwa na shida yanavuta kama mlenda, wakapatikana watatu ambao ukiyaangalia maziwa yao kwa macho ni safi kabisa! Hao sasa tunawakamua mwisho, kila ng'ombe na kitambaa chake, na chuchu zinachovywa dawa baada ya kukamua.

MkamuajiWaAlfajiri: Sawa ila huyo wa usiku usimwache. Ng'ombe akikwama kuzaa au akilala chini na homa ya maziwa unamhitaji aliye karibu. Wa mpango anaweza kuwa mwingine, aje mara moja kwa mwezi hata kama hakuna mgonjwa, ila lazima waongee. Mimi wangu hawakuongea, mmoja kachoma antibayotiki mwenzake hajui, siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa zikakosewa, maziwa yangu yakakataliwa yote. Iliniuma sana.

DaktariWaZizi: Mimi ni daktari wa mifugo. Kwanza hakikisha amesajiliwa. Pili muulize analipwaje, maana kama kipato chake chote ni dawa anazokuuzia itakuwa ngumu kukwambia huyu hahitaji dawa, bora umlipe kwa ziara. Muulize pia kama anapeleka maziwa maabara kujua ni bakteria gani kabla hajabadilisha dawa, na malengo yenu ni yapi, mfano chembe hai kwenye maziwa, zile za kinga zinazoongezeka kiwele kikiumwa, zishuke chini ya 200,000 kwa mililita. Akikuahidi kumaliza yote kwa wiki mbili, tafuta mwingine.

ZiziLetu: Asanteni sana, kitambaa kimoja na sisi ndo hivyohivyo, leo jioni nabadilisha. Wale wawili nipandishe tena joto likija?

DaktariWaZizi: Hapana, wakaguliwe kizazi kwanza. Ila joto likija andika tarehe, kawaida linarudi baada ya siku kama 21, na daktari mpya ataanzia hapo.