Mjadala: Nadharia ya michezo (hesabu ya kuamua pale matokeo yako yanapotegemea pia uamuzi wa mwenzako) ifundishwe sekondari, au inawafundisha watoto uchoyo?

Kinara: Ule mfano wa wafungwa wawili, kila mmoja chumba chake, akiahidiwa nafuu ya kifungo akimtaja mwenzake, unamwambia mtoto kwamba mwenye akili humsaliti mwenzake kabla hajasalitiwa. Mwanahisabati John Nash aliianzisha nadharia hii kuhalalisha uchoyo. Napinga; isiguse darasa lolote.

Mwalimu wa Hesabu: Rekebisha kwanza, Kinara. Msingi waliuweka mwanahisabati von Neumann na mwanauchumi Morgenstern, kitabu chao kilitoka 1944. Nash alikuja 1950. Na mfano ule hausifu usaliti. Unaonyesha watu wawili wanaojitafutia nafuu kila mmoja kivyake wakaishia pabaya wote. Hata kipa wa penalti anaihitaji hesabu hii, kama hataki kubahatisha tu.

Kipa Mstaafu: Kubahatisha? Mwalimu, nimedaka miaka 14. Umewahi kusimama pale mstarini? Mpira uko mita 11, na nusu sekunde haiishi umeshafika. Ukingoja kuona unakokwenda, unauokota wavuni. Natazama mguu anaoegemea, natazama kiuno, naruka. Usiniite mbahatishaji.

Mwalimu wa Hesabu: Kaka, sikukudharau. Nasema ukizoea kuruka kulia, wapigaji watakujua. Inabidi uchanganye pande, tena bila mpangilio wowote wa kukisiwa.

Kipa Mstaafu: Bila mpangilio! Si ndiko kubahatisha kwenyewe? Neno ulilonitukania asubuhi, jioni umeligeuza elimu.

Kinara: Kipa kamshika.

Mwalimu wa Hesabu: Hajanishika. Kuna kubahatisha kwa kutojua, na kuna kuchanganya kwa viwango vilivyopimwa, yaani mara ngapi kila upande. Mpigaji akiwa hodari zaidi upande mmoja, viwango navyo vinabadilika.

Nuru: Jamani, tumeiacha hoja. Mtaalamu wa siasa Robert Axelrod aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zicheze mchezo huohuo wa wafungwa, ila kwa kurudia duru nyingi. Ikashinda ya Anatol Rapoport, nyepesi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako alivyokutendea duru iliyopita. Haianzi kusaliti, na mwenzake akirudi kwenye ushirikiano inamsamehe papo hapo. Uchoyo uko wapi hapo, Kinara?

Kinara: Programu haina njaa, dada. Mtu anayo.

Nuru: Na popo je? Popo mnyonya damu akikosa chakula siku mbili tatu anaweza kufa. Aliyeshiba humcheulia damu mwenzake aliyekosa, hasa yule waliyezoeana. Mwanabiolojia Wilkinson aliliandika hilo 1984. Njaa ipo, na wanagawana.

Kinara: Wanagawana kwa sababu kesho watakutana tena. Niambie kuhusu watu ambao hawatakutana tena. Wafundisheni watoto hilo, nitanyamaza.

Nuru: Kwa hiyo ifundishwe?

Kinara: Nimesema hilo tu.

Kipa Mstaafu: Mwalimu hajanijibu bado. Kubaki katikati nako kumo kwenye hivyo viwango vyako? Maana mimi nilibaki katikati mara moja tu, nikadaka, na kocha bado akanigombeza.

Mwalimu wa Hesabu: Kumo, kaka. Kocha wako alikosea.