Naomba ushauri: kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati maktabani

Wakutubi wenzangu, ninahudumu katika maktaba ya chuo kikuu hapa Tanga, na rafu zimejaa kiasi kwamba vitabu vipya vinakaa kwenye maboksi. Vitabu vya tiba vinavyotaja klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ilhali nchi yetu iliiacha mwaka 2001, nimeazimia kuviondoa, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuviamini. Kinachonitia mashaka ni ripoti za zamani za kilimo cha mkonge, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893: haziazimwi, mchwa wameanza kuzila, lakini huenda hazipatikani kwingine. Je, nizihamishie kwenye hifadhi ya nyaraka au niziskani kwanza? Na wahadhiri mnawashirikisha vipi kabla ya kufuta rekodi kwenye katalogi?